Mtoto kama Fanani: Uhakiki wa Kauli za Kuchekesha za Watoto Wadogo Nyumbani, kwa Kurejelea Rungwe Mpya, Kasulu

IKISIRI

Makala hii inahakiki kauli za kuchekesha ambazo watoto wadogo, hususani wa umri wa miaka miwili hadi sita, huwaambia wazazi, babu, bibi na jamaa wengine wa nyumbani. Kauli hizo husimuliwa tena na tena katika familia, lakini kwa kawaida hazihesabiwi kuwa sehemu ya fasihi simulizi kwa hoja kwamba mtoto hakukusudia kuchekesha. Makala inajenga hoja kwamba kigezo cha kusudio hakitoshi. Kauli ya mtoto huwa na mantiki yake, na huingia katika fasihi pale familia inapoisimulia. Ubora wa usimulizi huo hupimwa kwa kutazama kama mantiki ya mtoto imehifadhiwa au imefutwa. Kata ya Rungwe Mpya, katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, imechukuliwa kuwa mahali pa kuijaribia hoja hii kwa sababu mtoto wa huko hukulia kati ya Kiha na Kiswahili. Makala inahitimisha kwamba tofauti kati ya kucheka na mtoto na kumcheka mtoto ni suala la kihakiki na la kimaadili kwa pamoja.

1.0 Utangulizi

Methali za Kiswahili zinamtaja mtoto mara nyingi, lakini ni nadra kumpa nafasi ya kusema. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo: hapo mtoto analelewa. Samaki mkunje angali mbichi: hapo anakunjwa. Mtoto akililia wembe mpe, na mcha mwana kulia hulia yeye: katika hizi mbili sauti ya mtoto inasikika, lakini ni sauti ya kilio, si ya maneno. Anayesema katika methali ni mtu mzima, na mtoto ni jambo linalosemwa.

Hali hiyo haiishii katika methali. Katika utafiti wa fasihi simulizi mtoto hupewa nafasi kupitia nyimbo za michezo, bembelezi, vitendawili na ngano anazosimuliwa. Finnegan (1970), katika kitabu chake mashuhuri kuhusu fasihi simulizi ya Afrika, ametenga sura nzima kwa ajili ya nyimbo na mashairi ya watoto. Huo ulikuwa mchango mkubwa, lakini bado mtoto anaingia katika sura hiyo akiwa mwimbaji wa tungo zinazotambulika kuwa tungo. Yale anayoyasema mezani, jikoni au mlangoni, na ambayo familia nzima huyakumbuka miaka ishirini baadaye, yanabaki nje.

Swali linaloongoza makala hii ni hili: je, kauli ya mtoto inayochekesha ni kosa la lugha lililofurahisha, au ni utungo wenye mtunzi, hadhira na thamani? Swali hili lina uzito kwa sababu jibu lake linaamua namna mtoto anavyosikilizwa. Ikiwa kauli yake ni kosa tu, kinachofaa ni kumsahihisha na kucheka. Ikiwa ni utungo, basi kuna haja ya kuuliza alikuwa akiwaza nini.

Mifano inayojadiliwa ni ya aina ambazo wazungumzaji wengi wa Kiswahili watazitambua kutoka katika nyumba zao. Imetolewa kuonesha aina hizo, wala haimhusu mtoto au kaya yoyote maalumu.

2.0 Mahali na Lugha

Rungwe Mpya ni kata iliyomo katika Wilaya ya Kasulu, kwenye nyanda za juu za Mkoa wa Kigoma. Kasulu na Kibondo ni maeneo ya Waha, ambao kihistoria walikuwa na tawala kadhaa, zikiwemo Heru katika eneo la Kasulu, na Muhambwe na Buyungu katika eneo la Kibondo. Lugha yao, Kiha, imewekwa na Guthrie katika kundi la D60, ikiwa na alama D66, pamoja na Kirundi (D62) na Kinyarwanda (D61). Ujirani huo si wa ramani ya lugha peke yake. Burundi iko mpakani, na tangu mwaka 1996 Wilaya ya Kasulu imekuwa na kambi ya Nyarugusu, iliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo ya mashariki na ambayo tangu mwaka 2015 ilipokea pia wakimbizi wengi kutoka Burundi.

Kwa mtoto, maana ya historia hiyo ni kwamba lugha haimfikii ikiwa moja. Bibi na jirani huzungumza Kiha. Shule, zahanati, redio na ofisi ya kijiji hutumia Kiswahili. Sokoni anaweza kusikia Kirundi, na pia Kiswahili cha Kongo chenye msamiati na matamshi yake. Mtoto wa miaka mitatu hajui kwamba hizo ni lugha tofauti zenye majina tofauti. Anachojua ni kwamba watu wanasema, na kwamba kila mmoja ana namna yake. Kwa hiyo mtoto huyo ana kazi kubwa zaidi ya kupatanisha kanuni, na ana nafasi nyingi zaidi za kusema jambo ambalo wakubwa wataliona la kuchekesha. Hii ndiyo sababu hoja ya makala inajaribiwa hapa badala ya kujaribiwa katika nyumba ya lugha moja.

3.0 Misingi ya Uhakiki

Nadharia tatu hutumika mara kwa mara kueleza kicheko. Nadharia ya ukuu, inayohusishwa na Hobbes (1651), hueleza kwamba mtu hucheka anapojiona ghafla kuwa bora kuliko mwingine. Nadharia ya kutolingana, inayohusishwa na Kant (1790), hueleza kwamba kicheko huzaliwa pale matarajio yanapogeuka ghafla kuwa kitu kingine. Nadharia ya utulizo, inayohusishwa na Freud (1905), hukiona kicheko kuwa njia ya kuachia nguvu iliyotumika kuzuia jambo lililokatazwa.

Freud ndiye aliyeigusa mada yetu kwa karibu zaidi. Katika kitabu chake kuhusu utani alijadili kauli za watoto, akaeleza kwamba mtoto husema jambo lililokatazwa bila kushindana na katazo lolote, kwa kuwa katazo hilo bado halimo ndani yake. Mtu mzima hudhani kwa nukta moja kwamba katazo limevunjwa, kisha hutambua kwamba halikuwepo, naye hucheka. Maelezo haya yana nguvu, lakini yanamwachia msikilizaji kazi yote. Mtoto anabaki kuwa chanzo cha kicheko kama vile jiwe linavyokuwa chanzo cha kujikwaa.

Mtazamo tofauti ulitolewa na mwandishi wa Kirusi Kornei Chukovsky, ambaye alikusanya kauli za watoto wadogo kwa miaka mingi na kuzichapisha kwanza mwaka 1928, katika kitabu ambacho baadaye kilijulikana kwa jina lenye maana ya “Kutoka Miaka Miwili hadi Mitano”. Yeye aliona kwamba makosa ya watoto si ubovu wa lugha, bali ni ushahidi wa juhudi kubwa ya akili inayotafuta kanuni. Mtoto akikosea, mara nyingi amekosea kwa kufuata kanuni kwa uaminifu kuliko wakubwa.

Kwa upande wa fasihi simulizi, makala inategemea mtazamo wa Mulokozi (1989, 1996), anayesisitiza kwamba fasihi simulizi ni tukio. Tukio hilo huwa na fanani, hadhira, fani inayotendwa, mahali na wakati. Katika uainishaji wake, Mulokozi ameyaweka mazungumzo kuwa utanzu, na ndani yake wamo malumbano ya watani na soga. Mtazamo huo unatupa mlango. Kauli ya mtoto huzaliwa katika mazungumzo, na masimulizi yake ya baadaye huwa soga. Kinachobaki ni kuonesha jinsi inavyovuka kutoka hali ya kwanza hadi ya pili.

4.0 Uhakiki wa Kauli

4.1 Mtoto na sitiari zilizochakaa

Kiswahili cha kila siku kimejaa sitiari ambazo watu wazima hawazisikii tena. Mama akirudi kutoka kituo cha afya, husemwa kwamba amejifungua. Mtoto akisikia habari hiyo huuliza: “Kwani nani alikuwa amemfunga?” Akiambiwa kwamba mama amepata mtoto, huuliza: “Alikuwa amepotea wapi?” Baba akisema redio imekufa, mtoto hutaka kujua itazikwa lini. Jioni ikisemwa kwamba jua limezama, swali huwa ni nani atakayelitoa majini.

Nadharia ya ukuu ingesema kwamba wakubwa hucheka kwa sababu wao wanajua maana na mtoto haijui. Uchunguzi wa maneno yenyewe unaonesha vinginevyo. Kitenzi jifungua kina mzizi funga, kina kiambishi cha kutendua na kina kirejeshi ji. Kwa umbo lake, neno linadai kwamba kuna aliyefungwa na kwamba amejifungua mwenyewe. Mtoto amelisoma neno jinsi lilivyoundwa. Mkubwa ndiye aliyeacha kulisoma. Kadhalika kitenzi pata hutumika kwa kitu kilichopotea na kwa mtoto aliyezaliwa, na mtoto anayeuliza alipotelea wapi amechagua moja kati ya maana halali za neno.

Hivyo basi, kutolingana kunakoleta kicheko hakumo kati ya ujinga na ujuzi. Kumo kati ya maana mbili za neno moja, na mtoto ndiye anayeirudisha ile iliyosahauliwa. Hii ni kazi ambayo kwa kawaida tunaihesabu kuwa ya mshairi. Tofauti ni kwamba mshairi anajua kwamba analifufua neno, ilhali kwa mtoto neno hilo halijawahi kufa.

4.2 Mtoto na sarufi

Kundi la pili ni la kauli zinazotokana na kanuni za sarufi. Mtoto anayekataa chakula anaweza kusema: “Bibi, sikuli.” Umbo sanifu ni sili. Hata hivyo, hebu tutazame data aliyonayo mtoto: ninakula, nimekula, nitakula, nilikula, sitakula. Katika maumbo yote hayo ku inabaki. Inatoweka katika maumbo machache kama vile sili na hali. Mtoto anayesema sikuli amefuata mifano iliyo mingi. Kwa hesabu yake, kinachohitaji maelezo ni sili.

Kichekesho kinakamilika kwa sababu nyingine. Katika Kiswahili, sikuli ni neno halali lenye maana ya “sikuli wewe”. Bibi anayejua kucheza na lugha hataishia kusahihisha. Atajibu: “Ahsante, mjukuu wangu, kwa kunihurumia. Leo nitalala salama.” Hapo kosa la sarufi limegeuka kuwa mchezo wa maana, na waliotunga mchezo huo ni wawili. Mtoto ametoa umbo, bibi ametoa tafsiri. Hatuwezi kumpa mmoja wao utunzi wote bila kumdhulumu mwingine.

Upatanisho wa kisarufi nao huzaa maswali ya aina hii. Mtoto aliyeambiwa kwamba viboko wanaishi mtoni, kisha akasikia kwamba shuleni kuna kiboko, anaweza kuuliza mwalimu amemtoaje mtoni na anamlisha nini. Mtu mzima hutofautisha mnyama na fimbo kwa upatanisho: kiboko anakula, kiboko kinauma. Mtoto bado hajaishika tofauti hiyo. Deen (2005), aliyechunguza watoto wa Nairobi wanaojifunza Kiswahili, ameonesha kwamba watoto wadogo huacha viambishi vya nafsi na vya wakati katika hatua za mwanzo. Ikiwa viambishi hivyo havijasimama imara kinywani mwa mtoto, si ajabu kwamba mnyama na fimbo vinakaa katika nyumba moja ya maana. Kicheko cha swali hili, hata hivyo, kina uchungu ndani yake. Mtoto ameuliza juu ya kitu ambacho huenda atakutana nacho, na swali lake la kumlisha kiboko linamweka mwalimu katika nafasi ambayo mwalimu hakuitarajia.

Katika mazingira kama ya Rungwe Mpya, suala la sarufi lina sura nyingine. Tuchukue kauli “Jana nitaenda kwa shangazi.” Familia hucheka kwa kuona kwamba mtoto amegeuza siku. Lakini katika Kirundi na Kinyarwanda, lugha ndugu za Kiha, neno moja, ejo, hubeba maana ya jana na ya kesho, na kitenzi ndicho kinachoamua ni siku ipi. Kwa masikio yaliyokulia katika ukanda huo wa lugha, kauli ya mtoto ina kitenzi sahihi kabisa: nitaenda. Wakati umetajwa mahali pake. Ni kweli kwamba watoto wa lugha nyingi duniani huchanganya maneno ya wakati, na si lazima kila kauli ya namna hii itokane na lugha ya nyumbani. Hata hivyo, mhakiki anayeijua lugha moja tu hawezi hata kuliona swali. Atacheka haraka, na kicheko chake kitakuwa hukumu dhidi ya lugha ambayo hakuifikiria.

4.3 Mtoto na siri za nyumba

Kundi la tatu halihusu maneno bali mambo. Mdai anabisha hodi; mtoto anatumwa mlangoni, naye anasema: “Baba amesema niseme hayupo.” Mgeni amekaa muda mrefu, mtoto anamuuliza: “Unaondoka saa ngapi? Mama amesema tutakula ukishaondoka.” Hapa maelezo ya Freud yanafaa zaidi. Mtoto hana katazo ndani yake, na kwa hiyo anasema kile ambacho kila aliyemo ndani anakijua.

Jambo lisilotazamwa vya kutosha ni mfuatano wa mapokeo ya kauli hizi. Mbele ya mgeni hakuna anayecheka. Mtoto hukatwa jicho, huvutwa pembeni, pengine hufinywa. Kicheko huja baadaye, mgeni akishaondoka, na husimuliwa kwa majirani siku ya pili. Kauli ni moja lakini mapokeo ni mawili: adhabu kwanza, sifa baadaye. Aliyeadhibiwa ni mtoto. Waliofaidi soga ni wakubwa. Mara nyingi mtoto haelezwi jinsi jambo lililomletea finyo jioni lilivyogeuka kuwa furaha ya watu asubuhi.

Uhakiki wa haki hauna budi kuanza na swali la nani aliyefichuliwa. Katika kauli ya mlangoni, aliyefanya kosa la kimaadili si mtoto. Yeye amefikisha ujumbe kamili, pamoja na jina la aliyemtuma. Aliyeagiza uongo ni baba. Soga nzuri juu ya tukio hili itamcheka baba. Soga mbaya itamcheka mtoto kwa kutojua kusema uongo. Tofauti hiyo haimo katika kauli, bali imo kwa msimulizi.

4.4 Mtoto na utani wa babu na bibi

Katika jamii nyingi za Tanzania babu humwita mjukuu wake wa kike “mke wangu”, na bibi humwita mjukuu wa kiume “mume wangu”. Radcliffe-Brown (1940), katika makala yake kuhusu uhusiano wa utani, aliutaja utani wa mababu na wajukuu kuwa miongoni mwa aina zinazopatikana katika jamii mbalimbali, na akaufafanua kuwa ni njia ya kuunganisha watu ambao uhusiano wao una ukaribu na umbali kwa wakati mmoja.

Kinachovutia ni kile kinachotokea mtoto anapojibu. Babu anasema, “Mke wangu, niletee maji.” Mtoto anajibu: “Mimi sikutaki, huna meno.” Au anamgeukia bibi kwa huruma ya kweli na kumuuliza: “Sasa wewe utalala wapi?” Katika jibu la kwanza mtoto ameingia ndani ya mchezo na kumshinda aliyeuanzisha kwa silaha halali ya utani, ambayo ni mwili wa mtani. Katika jibu la pili amelichukua neno la utani kwa uzito wake wa kawaida, akaona matokeo yake kwa mtu wa tatu. La kwanza ni jibu la mtani aliyekwisha kufuzu. La pili ni la mtu asiyejua kwamba kuna mchezo.

Kwa msikilizaji, majibu yote mawili yanachekesha sawasawa, na si rahisi kujua mtoto wa miaka minne amesimama upande gani. Hapa ndipo kigezo cha kusudio kinapoyumba. Tukisema kwamba kauli ni fasihi pale tu msemaji anapokusudia kuchekesha, tutalazimika kulikubali jibu la kwanza na kulikataa la pili, au kusubiri hadi mtoto afikishe umri wa kuhojiwa. Babu hasubiri. Yeye hupokea majibu yote mawili kama zamu ya mtani, naye hujibu. Kwa kufanya hivyo humfundisha mtoto kwamba maneno yake yana nguvu ya kuendesha mazungumzo. Malumbano ya watani, kama utanzu, huanza kujifunzwa hapo.

Majina nayo hutoa nafasi ya aina hiyo. Katika Kigoma na Burundi majina ya Bukuru na Butoyi hupewa pacha: Bukuru kwa wa kwanza kuzaliwa, Butoyi kwa wa pili. Ndani ya majina hayo mna maana ya ukubwa na udogo. Mtoto aitwaye Butoyi anayeuliza, “Nikikua nitaitwa Bukuru?” ameuliza swali ambalo mfumo wa majina hauna jibu lake jepesi. Jina linasema ni mdogo. Mwili unaendelea kukua. Wakubwa hucheka, lakini swali linahusu jambo zito la nafasi ya mtu katika uzao, ambayo haibadiliki hata pacha mdogo akimzidi mwenzake kimo.

5.0 Usimulizi: Nani Fanani?

Mifano iliyotangulia inaonesha kwamba kauli ya mtoto haiwi soga kwa kutamkwa tu. Inahitaji mtu wa kuisikia, kuikumbuka na kuisimulia. Msimulizi huongeza vitu. Hueleza hali ilivyokuwa kabla ya kauli, huiga sauti ya mtoto, hunyamaza kidogo kabla ya neno lenyewe, kisha hutaja sura za waliokuwepo. Kwa kadiri inavyosimuliwa, kauli hufupishwa, maneno yasiyohitajika huanguka, na hatimaye hubaki sentensi moja ambayo ndugu wote wanaijua. Huo ni mchakato ule ule tunaoutambua katika ngano na semi.

Kwa hiyo fanani wa soga hii ni wawili: mtoto aliyetoa kauli na jamaa aliyeipa umbo. Tukikubali hivyo, tunapata kigezo cha kupima usimulizi. Tulinganishe namna mbili za kusimulia swali la kujifungua. Msimulizi wa kwanza anasema: “Huyu bwana alidhani mama yake alifungwa kamba!” Msimulizi wa pili anasema: “Tulimwambia mama amejifungua, akauliza nani alikuwa amemfunga. Bibi akamwambia: ‘Wewe ndugu yako. Miezi tisa.’” Wa kwanza ametoa kosa na kuondoa swali. Maneno ya mtoto mwenyewe hayamo. Wa pili ametunza maneno, ametunza mfuatano, na ameonesha kwamba kulikuwa na mtu mzima aliyelichukulia swali kuwa swali. Soga ya pili ni bora kisanaa, na ni bora kwa sababu ile ile inayoifanya iwe ya haki: imeihifadhi mantiki ya mtoto.

Kutokana na hayo, mtafiti anayekusanya kauli hizi Kasulu, Kibondo au kwingineko hana budi kuandika zaidi ya sentensi ya mtoto. Anapaswa kuandika kauli ya mkubwa iliyotangulia, lugha iliyotumika na kila mmoja, aliyecheka na asiyecheka, na alichofanya mtoto baada ya kicheko. Kauli iliyotamkwa kwa Kiha iandikwe kwa Kiha kwanza. Sentensi iliyokatwa kutoka katika tukio lake huonekana kuwa upuuzi, na mtafiti aliyeikata ndiye aliyeifanya iwe hivyo.

6.0 Kucheka na Mtoto, Kumcheka Mtoto

Kiswahili kina utajiri wa kuutofautisha mwelekeo wa kicheko kwa vitenzi vyake. Mtu hucheka. Anaweza kucheka na mwenzake, anaweza kumcheka, na anaweza kumchekea. Kucheka na mtoto ni kuwa naye upande mmoja wa kicheko. Kumchekea ni kumwonesha uso wa furaha. Kumcheka ni kumfanya kuwa shabaha. Mtoto wa miaka mitatu hajui nadharia ya ukuu, lakini anajua vizuri sana kama watu wanamcheka.

Uzito wa tofauti hii unaonekana hasa katika mazingira ya lugha mbili. Mtoto anayechekwa kwa Kiswahili chenye harufu ya Kiha hujifunza mambo mawili. Hujifunza kwamba kuna namna ya kusema isiyochekwa, na hujifunza kwamba kunyamaza ni salama kuliko kujaribu. Atakapoingia darasani, ambako Kiswahili ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za umma, kunyamaza huko kutaitwa uzito wa kuelewa. Tunapotaka kueleza kwa nini mtoto mchangamfu nyumbani hasemi neno shuleni, kicheko ni mahali pamojawapo pa kutafutia jibu.

Sheria ya Mtoto Na. 21 ya mwaka 2009, katika kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni na ya kusikilizwa. Kwa kawaida kifungu hicho hueleweka kwa habari ya maamuzi makubwa, kama vile malezi na makazi. Hata hivyo, mazoea ya kusikilizwa hayaanzi mbele ya ofisa wa ustawi wa jamii. Huanza pale mtoto anapouliza nani alimfunga mama yake na kupata jibu.

Simu ya mkononi imelifanya suala hili kuwa la haraka zaidi. Zamani soga ya mtoto ilizunguka ndani ya ukoo, na wasikilizaji walimjua mtoto, wakamwona akikua, wakaiona kauli yake kuwa sehemu moja tu ya utu wake. Sasa kauli hurekodiwa na kutumwa kwa watu wasiomjua. Rekodi huhifadhi sauti, lakini haihifadhi uhusiano. Babu asiye na meno, ambaye alikuwa nusu ya kichekesho, hubaki nje ya picha. Aidha, soga ya mdomo hurekebishwa kila inaposimuliwa, na mtoto akikua anaweza kuidai, kuikanusha au kuisimulia mwenyewe kwa namna yake. Rekodi haimpi nafasi hiyo.

7.0 Hitimisho

Makala hii imeonesha kwamba kauli za kuchekesha za watoto wadogo si makosa yaliyobahatika kufurahisha. Baadhi huamsha sitiari zilizochakaa, baadhi hufuata kanuni za sarufi kwa uaminifu kupita wakubwa, baadhi hufichua unafiki wa nyumba, na baadhi huingia katika utani wa mababu kama zamu halali ya mtani. Katika yote hayo mtoto ana mantiki. Kauli hugeuka kuwa fasihi pale jamaa anapoisimulia bila kuifuta mantiki hiyo, na kwa sababu hiyo mtoto anastahili kutambuliwa kuwa fanani mwenza.

Inapendekezwa kwamba tasnifu zinazoshughulikia fasihi simulizi ya Waha, ambazo kwa kawaida huelekezwa kwenye methali, nyimbo na ngano, zipanue mipaka na kuzikusanya kauli hizi kwa Kiha na kwa Kiswahili, kwa ridhaa ya familia na bila kutaja majina ya watoto. Inapendekezwa pia kwamba walimu wa madarasa ya awali wazisikilize kauli hizo kama ushahidi wa kanuni ambazo mtoto amekwisha kuzijenga. Mwalimu anayesikia “sikuli” amekwisha kuambiwa kwamba mtoto huyu anajua ninakula, nimekula na sitakula. Kilichobaki kumfundisha ni silabi moja.